Edwards (KEDW), jangwa la Mojave: METAR ya mchana wa Julai, upepo wa ubavuni, na lini ziwa kavu linakubali ndege

Kipima_Upepo (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Naandaa zoezi la darasani la mahesabu ya kuruka na kutua. Uwanja niliouchagua ni kambi ya Jeshi la Anga la Marekani ya Edwards, California. Mwinuko wa uwanja ni kama futi 2,310 juu ya usawa wa bahari, na njia kuu ya zege (ya ndege kurukia na kutua) ina urefu wa futi 15,024 na upana wa futi 300. Ripoti ya hewa ya uwanja (METAR) nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi, alasiri ya Julai:

KEDW 162155Z 24022G31KT 10SM CLR 40/02 A2980

Yaani: tarehe 16, saa 21:55 za UTC; upepo unatoka nyuzi 240 kwa noti 22, mivumo hadi 31; kuona maili 10; CLR, hakuna wingu lililoripotiwa; joto nyuzi 40 na kiwango cha umande nyuzi 2 za Selsiasi; mgandamizo inchi 29.80. Kasi zote nimeweka kwa noti (noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa). Ndege ya zoezi inakaribia kutua kwa noti 150 za kwenye kipimo.

Nina mambo matatu ya kuhakiki. Kwanza, chati niliyo nayo inaita njia kuu 22L (mwelekeo wa takribani nyuzi 220, ya kushoto). Upepo unatoka 240, kwa hiyo nimechukua tofauti ya nyuzi 20 na kupata upepo wa ubavuni wa noti 7.5. Pili, mwinuko wa densiti (kimo ambacho hewa ya kawaida ingekuwa nyepesi kama hii) umetoka karibu futi 6,000, na nimewaandikia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo sababu majaribio ya ndege Edwards hupangwa alfajiri. Tatu, nimeweka ziwa kavu la Rogers, lililo pale pale kambini, kama mahali pa kutua kwa dharura wakati wowote wa mwaka, maana ni jangwa na mvua hakuna. Naomba mnikosoe kabla sijagawa karatasi.

---

Digrii_Halisi

Mkuu, la kwanza limekosewa, na ni kosa ambalo kila darasa linalirudia. Upepo wa METAR hupimwa kutoka kaskazini halisi. Namba ya njia hutokana na kaskazini ya dira. Edwards dira inaelekea mashariki ya kaskazini halisi kwa takribani nyuzi 12, kwa hiyo ukitoa namba moja kwenye nyingine moja kwa moja unachanganya vitu viwili tofauti.

Njia kuu pale inaelekea takribani nyuzi 238 za kaskazini halisi. Upepo wako wa 240 halisi unakuja puani kabisa. Tofauti ni nyuzi 2, na upepo wa ubavuni haufiki hata noti 1. Noti 7.5 zako hazipo.

Mnara wa kuongoza ndege ukikusomea upepo kwa redio, namba hiyo ni ya dira tayari, na hapo unailinganisha na namba ya njia bila kubadilisha chochote. Kilichoandikwa ni halisi, kinachosemwa na mnara ni cha dira. Wafundishe hivyo na hawatasahau.

Jambo dogo la kuongeza: kaskazini ya dira inahama mwaka hadi mwaka, na namba za njia hubadilishwa kuifuata. Kwa hiyo usichukue namba kwenye chati ya zamani uliyoikuta mtandaoni. Chukua mwelekeo halisi wa njia na tofauti ya dira ya toleo la sasa, kisha upige hesabu.

---

Injini_Baridi

Hesabu ya densiti iko sawa, lakini hitimisho ulilowaandikia wanafunzi ndilo lina shida. Niipitie upya ili mtu mwingine aweze kuifuata.

Mgandamizo ni 29.80, na kiwango cha kawaida ni 29.92. Pungufu ya 0.12 ya inchi ni kama futi 120. Ongeza kwenye 2,310, unapata mwinuko wa mgandamizo wa futi 2,430. Joto la kawaida kwenye kimo hicho ni nyuzi 15 ukitoa nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, yaani kama 10.1. Uwanjani kuna 40, kwa hiyo umezidi kwa karibu 30. Zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi: 3,588. Jumla ni kama futi 6,020. Unyevu kidogo uliopo (kiwango cha umande nyuzi 2) unaongeza kama futi 100 tu. Mojave unaweza kuusahau, pwani yenye joto usijaribu.

Sasa linganisha na saa 12 asubuhi ya siku hiyo hiyo. Tuseme nyuzi 20, mgandamizo 29.85, upepo shwari. Mwinuko wa densiti ni kama futi 3,550. Noti 150 za kwenye kipimo zinakuwa takribani noti 158 za kasi halisi (mwendo wa kweli ndani ya hewa) asubuhi, na 164 alasiri. Ukiishia hapo utasema alasiri ni mbaya zaidi kwa kutua. Lakini alasiri una noti 22 za upepo wa mbele! Kasi ya kugusa ardhi inakuwa 142 dhidi ya 158 za asubuhi. Hata ukihesabu nusu tu ya upepo wa mbele, kama ilivyo kawaida ya watu waangalifu, unapata 153. Breki na matairi vinapata kazi ndogo alasiri kuliko asubuhi.

Na njia ina zaidi ya kilomita 4.5. Kwa ndege nyingi, urefu wa njia Edwards si kikwazo hata siku ya nyuzi 43.

Joto linapouma ni kwenye msukumo wa injini. Hewa nyepesi ina maana ya uzito mdogo wa hewa unaopita ndani ya injini kila sekunde, na injini nyingi zimewekewa kikomo cha joto ambacho zikikivuka, msukumo hupunguzwa. Mbio za kuruka zinarefuka. Kibaya zaidi, uwezo wa kupanda injini moja ikizimika unapungua sana, na zege la ziada halikusaidii kwa hilo. Ukitaka swali gumu la mtihani, waulize wapi kikomo cha uzito kinatoka: kwenye urefu wa njia, kasi ya matairi, nguvu za breki, au mteremko wa kupanda. Mchana wa Julai jibu mara nyingi ni la mwisho.

Mafuta nayo. Tangi lililojaa mafuta ya moto lina lita zile zile lakini kilo pungufu, na injini hula kilo. Wanaopanga safari kwa lita hujikuta wamepungukiwa muda wa kuwa angani.

---

Chamchela

Namuunga mkono Injini_Baridi. Alfajiri inapendwa pale kwa sababu hewa imetulia, na kazi ya Edwards ni kupima. Kiwanja cha majaribio kikipata hewa inayotikisika kinapata namba zisizo na maana.

Chukua upimaji wa makosa ya kipimo cha kasi na altimita (kipimo cha kimo). Ndege inapita mbele ya mnara, chini sana, kwenye mstari uliochorwa juu ya ziwa kavu, kwa kasi moja isiyobadilika. Mtu aliye mnarani anaitazama kupitia fremu yenye gridi na kusoma kimo chake cha kweli. Kimo hicho kinalinganishwa na kile ambacho altimita ya ndege ilionyesha wakati ule ule. Unatafuta tofauti ya futi chache. Hewa ikimnyanyua rubani futi 20 katikati ya mstari, pasi hiyo haifai, na kila pasi ni mafuta na muda wa watu wengi. Ndiyo maana kazi kama hii inawekwa mapema kabisa, kabla jua halijashika.

Mtiririko wa siku ya kiangazi ni karibu ule ule kila siku, na wanafunzi waujue kwa mpangilio wake. Usiku ardhi inapoteza joto haraka kwa kuwa hewa ni kavu na anga liko wazi. Ikifika alfajiri, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu yake, na tabaka hilo linafunika uwanja kama kifuniko: upepo chini unakufa, hewa inakuwa laini. Angalizo hapo: juu kidogo ya kifuniko upepo unaweza kuwa unavuma vizuri tu. Ukishuka kupita mpaka huo, kasi yako kwenye kipimo inaruka au inaporomoka kwa noti kadhaa bila onyo, huku mnara ukiripoti shwari.

Kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi jua linavunja kifuniko. Hewa moto inaanza kupanda kwa mafungu, chamchela zinaonekana juu ya ardhi iliyochimbuliwa, na mtikisiko unapanda juu kadiri saa zinavyokwenda. Mchana wa Julai safu hiyo ya hewa inayochanganyika hupita futi 10,000 juu ya ardhi bila shida, kwa hiyo kukimbilia futi 5,000 hakukupi utulivu wowote.

Alasiri unakuja upepo wa kusini-magharibi. Jangwa limepata joto, mgandamizo umeshuka, na hewa ya upande wa bahari inavutwa kupitia mapengo ya milima. Noti 22 na mivumo ya 31 ulizoandika ni alasiri ya kawaida kabisa, hasa majira ya kuchipua ambapo upepo huu huwa mkali zaidi. Unalegea baada ya jua kutua.

Kasi ya kukaribia iongezwe nusu ya ziada ya mvumo: 31 toa 22 ni 9, nusu yake ni 4 hadi 5. Kwa ndege ya zoezi lako ni noti 155, isipokuwa kitabu cha ndege kiseme vingine. Kitabu kikisema vingine, kitabu ndicho kinafuatwa.

---

Mawingu_ya_Juu

Hakuna aliyeigusa CLR, na mimi ndiyo inayonitisha kwenye METAR hiyo.

CLR kwenye ripoti ya kituo cha kujiendesha haisemi anga ni jeupe. Inasema mashine haikuona wingu chini ya futi 12,000. Sasa piga hesabu ya kitako cha wingu: joto 40 toa umande 2 ni 38, zidisha kwa futi 400, unapata zaidi ya futi 15,000 juu ya ardhi. Yaani siku hiyo wingu la ngurumo likijijenga juu ya uwanja, kitako chake kiko nje ya macho ya mashine, na ripoti itaendelea kusema CLR na 10SM.

Julai hadi Septemba unyevu hupanda kutoka kusini, upande wa Mexico, na mawingu ya aina hiyo hutokea. Mvua inaanguka kutoka kwenye kitako na kukauka ikiwa njiani. Unaona mapazia ya kijivu yanayoning'inia hewani bila kugusa ardhi. Hapo ndipo hatari ilipo. Maji yanapokauka yanaipoza hewa, hewa iliyopozwa inakuwa nzito kuliko ile iliyoizunguka, inaporomoka kama jiwe na kusambaa pande zote ikifika chini. Ndege inayotua inakutana kwanza na upepo wa mbele, rubani anapunguza nguvu, kisha ndani ya sekunde chache upepo ule ule unampiga kutoka nyuma.

Dalili iliyo chini ni pete ya vumbi inayotanuka chini ya pazia. Ukiiona karibu na njia, usijadili: usitue, usiruke, subiri. Mawingu haya ya kikavu huisha nguvu haraka. Wanafunzi wako wafundishwe kusoma tofauti ya joto na umande kabla ya kusoma CLR.

---

Udongo_Mfinyanzi

La tatu sasa. Rogers si la wakati wowote, na "ni jangwa" ndiyo sababu watu wanakosea.

Ziwa lile ni kama kilomita za mraba 114 za udongo laini uliogandamana. Likiwa kavu kabisa ni kati ya sakafu ngumu kabisa za asili. Njia ndefu kuliko zote iliyochorwa juu yake, 17/35, ina kilomita 12. Mvua ya huko ni kidogo na nyingi yake inakuja majira ya baridi, lakini maji hayana pa kwenda: ziwa ndilo bonde la chini. Tabaka jembamba la maji linasambaa, upepo unalisukuma huku na huko, udongo unaingia kwenye nyufa na matuta yanasawazishwa. Ziwa hujitengeneza upya kwa njia hiyo. Gharama yake ni kwamba wakati wa kujitengeneza halipokei ndege.

Mfano ambao uko kwenye rekodi: Columbia ilitua juu ya ziwa hilo, njia 23, tarehe 14 Aprili 1981 katika safari ya kwanza angani ya space shuttle, chombo cha anga za juu kinachotua kama ndege. Machi 1982, safari ya tatu ya chombo hicho (STS-3), ziwa lilikuwa limelowa, na kutua kukahamishiwa White Sands, New Mexico. Huko nako upepo na vumbi viliahirisha kutua kwa siku moja hadi tarehe 30 Machi, na unga wa jasi ukaingia kwenye chombo. Julai 4 mwaka huo huo, STS-4 ilirudi Edwards na kutua kwenye zege.

Kwa hiyo kwenye zoezi weka sharti la msimu. Na hata kiangazi, angalia upepo. Njia 17 na upepo wako wa 240 halisi (228 wa dira) zina tofauti ya karibu nyuzi 58. Upepo wa ubavuni ni kama noti 18 hadi 19, na mvumo unafika 26. Chombo cha anga za juu kilikuwa na kikomo cha noti 15 mchana. Faida ya ziwa ni kwamba limechorwa njia za pande nyingi. Chagua inayoelekea upepo, usichague iliyo ndefu.

---

Kipima_Upepo (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, karatasi inaandikwa upya. Udongo_Mfinyanzi, nina swali moja: baada ya maji kuondoka, wanajuaje kwamba ziwa liko tayari? Je, kuna idadi ya siku ninayoweza kuwapa wanafunzi?

---

Udongo_Mfinyanzi

Idadi ya siku usiwape. Juu hukauka kwanza na kufanya ganda gumu, jeupe, la kupendeza machoni, na chini yake kuna tope. Mtu anaweza kutembea juu yake akaridhika, gari likapita likaridhika, halafu gurudumu la ndege likazama.

Njia inayojulikana ya kukagua ni ya enzi za X-15, ndege ya majaribio ya roketi (1959 hadi 1968). Ndege ile iliachiwa kutoka chini ya ndege kubwa ya B-52 mbali na Edwards, na njiani kulikuwa na maziwa mengine makavu ya kutua injini ikigoma. Ziwa moja tu kwenye mstari likiwa halifai, ratiba ilibadilika, hata kama Edwards yenyewe ilikuwa kavu na anga safi. Kabla ya safari watu waliyakagua kwa mpira wa chuma: kipenyo inchi 5, uzito karibu pauni 18 (kama kilo 8). Unaachiwa kutoka futi 6, kisha unapima upana wa alama uliyoacha. Inchi 3.25 au pungufu, sakafu inakubali. Ikizidi, rudi baadaye. Unarudia sehemu nyingi, na zaidi pale maji yalipokaa mwisho, maana ziwa halikauki kwa usawa.

Kingine cha kukagua ni nyufa. Kupungua kwa maji ya ardhini kwa sababu ya visima kumefanya ardhi ya eneo hilo ishuke, na Januari 1991 ufa mrefu ulifunguka kwenye sakafu ya Rogers, ikabidi njia ifungwe ili utengenezwe. Ufa wa namna hiyo ukiwa angani huuoni mpaka umechelewa.

Na macho yenyewe yanadanganya pale. Sakafu ni tambarare, rangi moja, hakuna mti wala jengo la kulinganisha, na mchana mazigazi yanafanya ukingo uelee. Rubani hajui yuko futi 10 au 40. Ndiyo maana njia zinachorwa kwa mistari mipana ya lami nyeusi: mistari ndiyo inakupa kimo. Ukitua nje ya mistari kwa dharura, shuka kwa mwendo mdogo usiobadilika mpaka magurudumu yaguse, usijaribu kuinua pua kwa kukadiria.

Ndege ya pili isikaribie mpaka vumbi la ya kwanza litulie. Vumbi lile ni laini mno na injini zinalivuta lote.

---

Chamchela

Niongeze majira ya baridi kwa ufupi, maana zoezi linalojua Julai pekee litawapotosha.

Asubuhi ya Januari, nyuzi 0, mgandamizo 29.92: mwinuko wa densiti unashuka hadi kama futi 1,060, chini ya uwanja wenyewe. Injini zinafurahi. Lakini sakitu juu ya mabawa ni ya kuondolewa yote, hata ile nyembamba kama karatasi ya msasa, kwa sababu inaharibu mtiririko wa hewa juu ya bawa kabla ya kasi yako kufika. Ziwa likiwa na maji na usiku ukiwa shwari, ukungu unaweza kuota juu yake na kuja njiani jua likichomoza, kwa hiyo tazama umande na joto vikikaribiana kwenye ripoti za usiku, usisubiri ile ya asubuhi. Na maji yakiingia, vikamba vidogo vinaanguliwa kutoka kwenye udongo, ndege wa porini wanavifuata, nao wanakaa karibu na njia ya zege. Kwenye karatasi weka hatari ya ndege hai msimu huo.

Upepo nao unaweza kugeuka. Vipindi vya upepo mkavu wa kaskazini-mashariki, hasa vuli na baridi, vinalazimisha njia kutumiwa upande wa pili. Na upepo mkali wa magharibi ukivuka Sierra Nevada na milima ya Tehachapi, unaanguka upande wa jangwa kwa mawimbi. Mawingu ya umbo la dengu yaliyosimama pale pale ni dalili ya wimbi. Chini yake hewa inabingirika, na humo ndimo ndege huvunjwa. Ripoti ya Edwards inaweza kuwa na noti 12 huku uwanja wa mji wa Mojave, kaskazini-magharibi yake, ukiwa na 35. Soma KEDW, KMHV (Mojave) na KPMD (Palmdale) pamoja kabla ya kuamua.